Dar es Salaam hadi Dubai kwa ndege: piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa safari

Ukiuliza ni kilomita ngapi kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Dubai, jibu linapatikana mara moja: karibu 3,980. Jibu ni sahihi. Lakini namba hiyo peke yake haikuambii uondoke nyumbani saa ngapi, wala mwenyeji wako aje kukupokea saa ngapi, wala kama ile tiketi ya bei nafuu inayopitia Addis Ababa itakula siku yako nzima. Kati ya kilomita na saa ya kufika kuna hatua kadhaa, na kila hatua ina mahali ambapo watu hupotea. Mwongozo huu unazipitia moja baada ya nyingine.

Nimeichagua njia ya Dar–Dubai kwa sababu inajulikana. Wafanyabiashara wa Kariakoo huifuata kwenda kufunga mzigo Deira, eneo la biashara la Dubai, na ndugu zetu wengi wanafanya kazi kule. Pia ina kila kitu cha kujifunzia: umbali wa kutosha, anga lenye kona zake, na tofauti ya saa ambayo ni ndogo lakini inatosha kumvurugia mtu ratiba. Ukishaiweza hii, Nairobi hadi London au Mwanza hadi Dar ni hesabu ile ile.

Unachohitaji ni simu yenye intaneti, kalkuleta, na tiketi yako au ratiba ya ndege unayoifikiria.

Hatua ya 1: Taja kiwanja, usitaje mji tu

Umbali wa ndege hupimwa kutoka kiwanja hadi kiwanja. Kwenye tiketi kila kiwanja kina herufi zake tatu, na hizo ndizo za kuangalia kwanza. DAR ni Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Dubai ina viwanja viwili: DXB, kilicho jirani na Deira, na DWC, yaani Al Maktoum, kilichoko kusini upande wa Jebel Ali. Angani tofauti yake ni ndogo sana, ila kwa teksi utaisikia mfukoni na kwenye saa.

Nairobi nayo ina NBO, kiwanja cha Jomo Kenyatta, na WIL, kiwanja cha Wilson ambako ndege nyingi ndogo za mbugani huondokea. Mtu anayetua Jomo Kenyatta akitokea Dar, kisha ana ndege ya Maasai Mara kutoka Wilson, lazima avuke sehemu ya jiji kwa gari. London ndiyo kabisa: LHR, LGW, STN na vingine, na kutoka kimoja hadi kingine ni safari inayojitegemea.

Hatua ya 2: Pata umbali

Njia ya haraka ni ramani ya simu. Fungua Google Maps, bonyeza na ushikilie kidole juu ya kiwanja cha Dar mpaka alama itokee, fungua maelezo yake, kisha chagua kupima umbali. Sogeza ramani hadi kiwanja cha Dubai na usome namba. Usitumie sehemu ya maelekezo ya safari, kwa sababu hiyo hufuata barabara. Dar hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, lakini kwa ndege ni kama 850.

Njia ya pili ni kupiga hesabu mwenyewe, nami napenda kila mtu aijaribu walau mara moja, hasa wanafunzi, kwa sababu baada ya hapo ramani haikudanganyi tena. Unahitaji latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Kiwanja cha Dar kiko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Cha Dubai kiko nyuzi 25.25 kaskazini na 55.36 mashariki. Latitudo ya kusini iandike na alama ya kutoa: −6.88. Longitudo ya magharibi nayo hivyo hivyo.

Laza simu upande ili kalkuleta ioneshe vitufe vya sin na cos. Hakikisha imewekwa kwenye DEG, maana ikiwa kwenye RAD utapata majibu ya ajabu. Kisha:

1. Zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili. Sin ya −6.88 ni −0.1198, sin ya 25.25 ni 0.4266. Jibu ni −0.0511.
2. Tafuta tofauti ya longitudo: 55.36 toa 39.20 ni 16.16.
3. Zidisha cos ya latitudo ya kwanza, cos ya latitudo ya pili, na cos ya ile tofauti: 0.9928 × 0.9045 × 0.9605. Jibu ni 0.8625.
4. Jumlisha jibu la 1 na la 3: 0.8114.
5. Bonyeza kitufe cha kurudisha cos kuwa nyuzi, kile chenye cos na −1 ndogo juu yake. Unapata nyuzi 35.77.
6. Zidisha kwa 111.2, ambazo ni kilomita za uzi mmoja juu ya uso wa dunia. Jibu: karibu 3,978.

Ukitaka maili za baharini, ambazo ndizo marubani huzitumia, zidisha zile nyuzi 35.77 kwa 60 upate karibu 2,146. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Maili za kawaida za Waingereza ni kilomita 1.609, kwa hiyo safari hii ni kama maili 2,470. Ukikuta namba tatu tofauti za safari moja, mara nyingi tofauti iko kwenye kipimo tu.

Umbali huu ndio mfupi kuliko wote juu ya tufe, kama uzi uliovutwa ukakaza juu ya chungwa. Ndiyo maana rula juu ya ramani ya ukutani haifai kwa safari ndefu. Chukua Nairobi hadi New York, kama kilomita 11,840. Ukiweka rula kwenye ramani ya kawaida, katikati ya safari utajikuta baharini mbele ya pwani ya Mauritania. Mstari mfupi wa kweli, ukiwa katikati, unapita Morocco, si mbali na Marrakech. Kati ya Dar na Dubai kosa la rula ni dogo kwa kuwa njia inaelekea zaidi kaskazini, ila tabia ya kupima kwa rula ni vizuri kuiacha mapema.

Jambo moja la kupendeza nililoliona nilipopiga hesabu za Ghuba: Dar hadi Muscat ni kama kilomita 3,970, karibu sawa kabisa na Dubai. Unguja hadi Muscat ni kama 3,910. Ni njia ile ile ya majahazi, yaliyoshuka na kaskazi na kurudi na kusi, ambapo nahodha alihesabu safari kwa misimu, na aliyechelewa kung'oa nanga alisubiri upepo ugeuke.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa masaa

Hapa wengi hugawanya umbali kwa kasi ya ndege na kuishia hapo. Hesabu hiyo hutoa muda mfupi kuliko ulio kwenye tiketi, kwa sababu muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Ndani yake kuna kusukumwa, kutembea hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda taratibu, kushuka taratibu, kuzungushwa kabla ya kutua, na kutembea tena hadi getini.

Kanuni ninayoitumia ni hii: gawanya kilomita kwa kasi ya kusafiri, halafu ongeza nusu saa kwa safari fupi na dakika 40 kwa safari ndefu.

Kasi inategemea ndege. Hizi ni za kukadiria, na zinatosha:

- Boeing 787 na 777: kama kilomita 900 kwa saa
- Boeing 737 na Airbus A320: kama 840
- Airbus A220: kama 830
- Dash 8-400, ya mapanga: kama 650
- ATR 72, ya mapanga pia: kama 500
- Cessna Caravan, zile ndogo za Unguja na mbugani: kama 340

Kwa kuwa hujui siku zote utapanda ndege gani, tumia 850 kwa ndege yoyote kubwa ya jeti. Dar–Dubai: 3,980 gawa kwa 850 ni 4.68, yaani masaa 4 na dakika 41. Ongeza 40. Unapata masaa 5 na dakika 21, na ratiba za njia hii huandikwa kati ya masaa matano na robo na matano na nusu na kidogo. Kanuni inafanya kazi.

Jaribu nyingine. Dar–Nairobi ni kilomita 667: dakika 47 za kwenda, ongeza 30, ni saa moja na dakika 17. Mwanza–Dar ni kilomita 850: saa moja kamili, ongeza 30, ni saa moja na nusu. Njia hiyo hiyo ya Mwanza ukiifanya kwa ATR inapita masaa mawili. Kwa hiyo kwenye safari za ndani uliza aina ya ndege. Kwa kwenda Dubai haina uzito sana.

Kwenye safari fupi mno hesabu ya kasi haina maana hata kidogo. Dar hadi Unguja ni kilomita 73, na ndege hukaa hewani kama dakika 20. Boti ya kasi huchukua kama masaa mawili. Lakini boti inakupakia katikati ya mji na kukushusha Malindi, bandarini Unguja, wakati ndege inakutaka uende hadi kiwanjani, ufike mapema, upite ukaguzi, usubiri, kisha utafute gari tena. Kwa mtu anayekaa Posta au Upanga, ushindi wa ndege ni mdogo sana, na siku ya foleni haupo.

Hatua ya 4: Hesabu kona za njia na upepo

Ndege haiendi kwenye ule mstari mfupi kwa unyoofu. Mstari wa Dar–Dubai unapita baharini kando ya pwani ya Kenya, unaingia Somalia karibu na Kismayo, unavuka Ghuba ya Aden, unapita Yemen, kisha jangwa la Rub' al Khali. Tangu vita vya Yemen vipambe moto mwaka 2015, mashirika mengi yamekuwa yakiepuka sehemu kubwa ya anga lake, kwa hiyo ndege huweza kupinda upande wa bahari na kuingilia Oman. Kutoka Nairobi kwenda Ulaya kuna kona nyingine: anga la Sudan lilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na ndege zilizokuwa zikilikatiza zikalazimika kulizunguka.

Kwa hiyo ukishapata umbali mfupi, ongeza asilimia 3 hadi 5. Ukijua kuna anga limefungwa katikati, ongeza zaidi.

Upepo nao ni jambo kubwa, lakini si kila mahali. Juu sana, kwenye urefu wa kilomita kumi na zaidi, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki katika maeneo ya mbali na ikweta. Ndege inayotoka Nairobi kwenda New York inapambana nao na hutumia kama masaa 15. Ikirudi, upepo ule ule unaisukuma na safari hupungua kwa kiasi cha nusu saa hadi saa nzima. Kilomita ni zile zile. Dar–Dubai ni safari ya kusini na kaskazini, kwa hiyo upepo unaipiga ndege zaidi ubavuni, na kwenda na kurudi hutofautiana kwa dakika chache tu.

Ukitaka uhakika kuliko hesabu yoyote, chukua namba ya ndege iliyo kwenye ratiba na uitafute kwenye Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege. Utaona siku zilizopita ndege hiyo iliondoka saa ngapi kweli, ikatua saa ngapi, na ilipita wapi. Angalia siku kadhaa. Ikiwa karibu kila siku inachelewa kuondoka, utajua kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Soma saa za tiketi

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome polepole, maana hapa ndipo watu hukosa ndege wakiwa na tiketi halali mkononi.

Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika. Saa ya kuondoka Dar ni ya Dar, saa ya kufika Dubai ni ya Dubai. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima, kwani hawabadilishi saa. Muscat ni hivyo hivyo. Doha, Riyadh na Addis Ababa wako sawa na sisi. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wako nyuma kwa saa moja, na Kinshasa kwa masaa mawili. London iko nyuma kwa masaa matatu majira yao ya baridi, na mawili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. New York iko nyuma kwa masaa manane au saba, nao hubadilisha saa tarehe tofauti na Waingereza: Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba.

Ili kupata muda wa kweli, geuza saa zote mbili ziwe za Dar, ndipo utoe. Tuseme tiketi inasema unaondoka DAR 16:30 na kufika DXB 23:00. Kwa macho ni masaa sita na nusu. Lakini 23:00 ya Dubai ni 22:00 ya Dar, kwa hiyo ni masaa matano na nusu. Kurudi, unaondoka DXB 10:10 na kufika DAR 14:45. Kwa macho ni masaa manne na dakika 35, ungedhani ndege ya kurudi ina mbio zaidi. 10:10 ya Dubai ni 09:10 ya Dar. Toa kwenye 14:45 upate masaa matano na dakika 35.

New York ni vivyo hivyo, ila tofauti ni kubwa. Unaondoka Nairobi 23:30 mwezi Januari na kufika 06:30 kesho yake. 06:30 ya New York ni 14:30 ya Nairobi. Kutoka 23:30 hadi 14:30 ni masaa 15.

Sasa saa yetu. Tiketi inatumia mzunguko wa masaa 24 unaoanza usiku wa manane, nasi tunahesabu tangu jua lilipochomoza au lilipozama. Kugeuza ni hivi:

- 00 hadi 06: ongeza 6. Tiketi ikisema 04:45 ni saa kumi na dakika 45 alfajiri.
- 07 hadi 18: toa 6. 16:30 ni saa kumi na nusu jioni.
- 19 hadi 23: toa 18. 23:00 ni saa tano usiku.

Tazama: 04:45 na 16:45 zote mbili kwetu ni saa kumi na dakika 45. Ukimwambia dereva "saa kumi na moja kasorobo" bila kusema alfajiri au jioni, umeacha tofauti ya masaa 12 mikononi mwake.

Hatari kubwa zaidi ni tarehe. Tiketi inasema tarehe 15 Agosti, 00:40. Hiyo ni saa sita na dakika 40 usiku, na tarehe 15 ndiyo kwanza imeanza dakika 40 zilizopita. Maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa kuwa kiwanjani tarehe 14 jioni, mara baada ya kula. Anayekuja tarehe 15 usiku anakuta ndege yake iliondoka tangu usiku uliopita, na tiketi nyingi za bei ya chini hazirudishi pesa kwa abiria ambaye hakutokea. Ndege nyingi za masafa marefu kutoka kwetu huondoka kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo mtego huu haukosekani.

Namna ya kujikinga: ukiona saa inaanzia na 00 hadi 05, andika kwenye kalenda ya simu siku mbili. Siku iliyotangulia andika "leo usiku naenda kiwanjani". Siku ya tiketi andika "tayari niko safarini". Na unapomwambia mtu mwingine, sema "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Usiseme "usiku wa Ijumaa", maana wazee wa pwani wataelewa usiku mmoja na vijana wataelewa mwingine.

Angalia pia alama ndogo ya +1 pembeni ya saa ya kufika. Ina maana unafika tarehe inayofuata. Mwenyeji wako apewe tarehe hiyo, asipewe ile ya kuondoka.

Hatua ya 6: Kama unaunganisha ndege

Kwa kilomita, kuunganisha kunaongeza kidogo kuliko watu wanavyodhani. Dar–Nairobi–Dubai ni 667 na 3,560, jumla kama 4,230. Dar–Addis–Dubai ni kama 1,760 na 2,520, jumla 4,280. Ni kilomita 250 hadi 300 zaidi ya ndege ya moja kwa moja, yaani kama dakika ishirini za hewani.

Masaa ndiyo yanayoliwa. Unatua mara mbili, unaruka mara mbili, zile dakika 30 au 40 za nyongeza unazilipa mara mbili, na katikati kuna kusubiri. Jumlisha hivi: safari ya kwanza, kusubiri, safari ya pili. Dar–Nairobi saa moja na dakika 20, subiri masaa matatu, Nairobi–Dubai masaa matano kasoro: masaa tisa na dakika kumi hivi. Ukisubiri masaa kumi badala ya matatu, safari imekuwa ya masaa kumi na sita. Linganisha na nafuu ya bei, halafu amua.

Kama ni tiketi moja yenye safari zote mbili, ukichelewa kwa sababu ya ndege ya kwanza, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine, na begi lako kwa kawaida hufungwa lebo hadi mwisho wa safari. Kama umekata tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa pesa, shirika la kwanza halilijui la pili. Utatoka nje, upite uhamiaji, uchukue begi, ukapange foleni upya kaunta. Kwa tiketi moja mimi hutaka angalau masaa mawili katikati. Kwa tiketi mbili, masaa matano, na sitishiki mtu akisema ni mengi.

Hatua ya 7: Hesabu mlango hadi mlango

Rudi kwenye tiketi yetu ya 16:30 na uhesabu kinyumenyume. Kaunta nyingi za safari za nje hufungwa saa moja kabla, yaani 15:30. Mashirika hushauri ufike masaa matatu kabla: 13:30, saa saba na nusu mchana, Jengo la Tatu, lililoanza kazi mwaka 2019. Kutoka Kariakoo kilomita si nyingi, lakini Barabara ya Nyerere ina siku zake, kwa hiyo toka saa sita na nusu. Ukitoka Mbezi au Bunju, toka saa tano. Kama una mabegi ya kufunga kwa plastiki na kupima kilo, ongeza nusu saa.

Upande wa pili, 23:00 ya Dubai ndege imeegeshwa. Kutembea, uhamiaji na kungoja begi ni dakika 45 hadi saa nzima. Unatoka nje karibu usiku wa manane. Treni ya Metro inafika Jengo la 1 na la 3, haifiki la 2, na siku nyingi hufunga saa sita usiku ya Dubai, kwa hiyo usiitegemee kwa ndege hii. Teksi hadi Deira ni kama robo saa. Unaingia hotelini saa sita na nusu usiku ya Dubai, ambayo Dar ni saa tano na nusu.

Kutoka saa sita na nusu mchana Kariakoo hadi saa tano na nusu usiku: masaa 11. Ndege ilichukua matano na nusu. Nusu nyingine ni barabara, foleni na kusubiri, na hiyo ndiyo unayoweza kuipunguza. Ukijihakiki tiketi kwa simu tangu jana yake na kusafiri na begi la mkononi tu, saa nzima inarudi kwako.

Safari ya kurudi ifanyie hesabu hiyo hiyo, na ongeza muda kwa ajili ya mzigo, kwani anayerudi kutoka Dubai ana kilo nyingi kuliko alizoenda nazo, na kuna kukaguliwa na forodha. Mtu wa kukupokea umtumie ujumbe usioacha nafasi ya kubahatisha. Siku, tarehe, saa ya Dar kwa maneno, namba ya ndege, jengo, na muda utakaotoka nje. Mfano:

"Shikamoo kaka. Narudi Jumatano tarehe 20. Ndege inatua saa tisa kasorobo mchana kwa saa ya Dar, Jengo la Tatu. Namba ya ndege nakutumia hapo chini, iangalie kabla hujatoka nyumbani kama imeshaondoka huku. Nina mabegi mawili, kwa hiyo sitakuwa nje kabla ya saa kumi. Usije mapema ukalipia maegesho bure."